PT, APTT, INR au D-dimer: kipimo kipi cha kuganda kwa damu kinajibu swali lako?

Mama alifika dirishani kwetu na fomu yenye mstari mmoja tu: "Kuganda kwa damu – PT." Alikuwa amempakata mtoto wa kiume wa miaka minne, ametahiriwa siku tatu nyuma, na khanga aliyomfunika ilikuwa na doa jekundu lililozidi kutanuka huku tunaongea. Nikatoa damu, nikaizungusha kwenye mashine, nikapima. PT ikasoma sekunde 12, kama ya mtu mwenye afya kamili.

"Dokta, kwa hiyo damu yake inaganda vizuri?"

"Majibu yako sawa, mama."

Baada ya siku nne walirudi. Viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe kama karatasi. Daktari wa zamu safari hii aliandika APTT, nayo ikasoma sekunde 88 wakati mwisho wa kawaida kwa maabara yetu ulikuwa 36. Sampuli ikapelekwa hospitali ya rufaa, jibu likarudi: fakta ya nane, moja ya protini zinazogandisha damu, iko chini ya asilimia 1. Hemofilia A, ugonjwa wa kuzaliwa nao wa damu kutoganda, tena ile kali.

Kile kipimo cha kwanza hakikukosea hata kidogo. PT haigusi fakta ya nane, kwa hiyo mtoto mwenye hemofilia kali atapata PT safi leo, kesho na mwaka ujao. Kosa lilikuwa kwamba kipimo kiliulizwa swali lisilo lake, na mimi niliyetoa majibu sikuinua simu kumuuliza aliyeandika fomu anatafuta nini. Ndiyo maana naandika ulinganisho huu. Watu wengi, wakiwemo wahudumu wenzangu, wanaamini kuna kitu kimoja kinachoitwa "kipimo cha damu kuganda". Hakipo. Viko vingi, na kila kimoja kinaona kipande chake tu.

Kabla ya sindano, maelezo

Kipimo cha kwanza hakihitaji tyubu. Ni maswali. Ulipong'olewa jino, damu ilikatika siku ile ile au ulilala na pamba mdomoni hadi kesho yake? Hedhi inazidi siku saba, inakuamsha usiku kubadilisha pedi, inatoa mabonge? Mtoto alipoanza kutambaa, alivimba magoti au kupata uvimbe mgumu kila alipogonga? Kuna mjomba upande wa mama aliyekufa jandoni au baada ya jeraha dogo? Unatumia dawa gani, hata zile za kienyeji, hata aspirini ya kichwa?

Majibu ya maswali hayo yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2008 wataalamu wa damu wa Uingereza walitoa mwongozo unaosema wazi kwamba kumpima kila mgonjwa PT na APTT kabla ya upasuaji, bila historia ya kutoka damu, hakutabiri nani atavuja mezani. Mwenye historia apimwe, na apimwe kwa kina. Asiye na historia, pesa yake ibaki mfukoni.

Kipo pia kipimo cha zamani cha kuchanja ngozi kidogo na kuhesabu dakika hadi damu ikatike. Duke alikieleza mwaka 1910 akitumia ncha ya sikio, na baadaye Ivy akakihamishia kwenye mkono. Ukikutana na sehemu inayokitumia hadi leo kuamua kama ufanyiwe upasuaji, usikitegemee. Majibu yake hubadilika kwa kina cha mchanjo, kwa baridi ya chumba, hata kwa mkono wa aliyechanja.

PT na APTT: milango miwili ya nyumba moja

Damu ikitoka kwenye mshipa, protini zinazoitwa fakta huamshana moja baada ya nyingine mpaka nyuzi za fibrini zisukwe na kuziba tundu. Maabara hatuwezi kuuona mwendo huo ndani ya mwili, kwa hiyo tunauanzisha upya ndani ya kichupa. Tunachukua plazma, yaani ule umajimaji wa njano unaobaki juu baada ya kuzungusha damu, tunaipasha hadi nyuzi 37, tunaongeza riajenti, yaani kemikali ya kuanzisha kuganda, pamoja na kalsiamu, kisha saa inaanza kuhesabu. Tofauti ya PT na APTT ni riajenti hiyo, ndiyo mlango unaobishwa.

PT, iliyotolewa na Armand Quick mwaka 1935, hubisha mlango ambao mwili hutumia tishu inapochanika. Inapita kwenye fakta ya saba, kisha ya kumi, ya tano, ya pili, na kuishia kwenye fibrinojeni, protini inayogeuka kuwa zile nyuzi za fibrini. APTT hubisha mlango wa pili, ule wa damu kugusa sehemu ngeni kama kioo au udongo laini. Hapo inapitia fakta ya kumi na mbili, ya kumi na moja, ya tisa na ya nane, ndipo inaungana na njia ile ile ya kumi, tano, pili na fibrinojeni.

Ukishaijua ramani hiyo, kuchagua si kazi ngumu. Unashuku hemofilia, iwe A inayohusu fakta ya nane au B inayohusu ya tisa? APTT. Mgonjwa yuko kwenye dripu ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda? APTT. Mgonjwa anameza warfarini, kidonge cha kuzuia damu kuganda, au ini lake limechoka, au ni kichanga ambaye hakuchomwa vitamini K alipozaliwa? Anza na PT, kwa sababu fakta ya saba huishiwa mapema kuliko zote, ikiwa na saa kama sita tu za kupungua hadi nusu. Hujui tatizo liko wapi? Pima zote mbili pamoja, na juu yake chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoshikana kuziba jeraha. Kuandika moja ukiacha nyingine kwa mtu anayetoka damu bila sababu inayojulikana ndiko kulikomrudisha yule mtoto nyumbani.

Zikirefuka zote mbili, fikiria ini, sumu ya nyoka, warfarini iliyozidi, au ile hali ya kutisha ambayo damu huganda ovyo mwilini hadi vigandishi vinakwisha na mgonjwa anaanza kuvuja kila alipochomwa sindano.

APTT iliyorefuka peke yake ina mtego. Mtu aliyepungukiwa fakta ya kumi na mbili anaweza kusoma APTT ndefu mno na asitoke damu hata akifanyiwa upasuaji. Mwingine ana kingamwili inayoitwa ya lupus, inayorefusha APTT kwenye kichupa lakini ndani ya mwili inamfanya agande damu kupita kiasi, mabonge miguuni na mimba kuharibika. Namba zinafanana, hatari ziko kinyume. Kuzitenganisha tunachanganya plazma ya mgonjwa na ya mtu mwenye afya, nusu kwa nusu, tunapima tena. Ikirudi kawaida, kuna kitu kilipungua na plazma nzima imekileta. Ikigoma, kuna kitu ndani ya damu ya mgonjwa kinachozuia. Kwa kingamwili za fakta ya nane mchanganyiko huwekwa saa mbili kwenye nyuzi 37 kabla ya kupimwa tena, kwa sababu zinafanya kazi taratibu na zinaweza kukudanganya ukipima papo hapo. Ni kipimo cha gharama ndogo chenye manufaa makubwa, na bado ni maabara chache zinazokifanya bila kuombwa. Ombeni.

Baada ya hapo ndipo kupima fakta yenyewe kunapoingia, na asilimia yake ndiyo inayopanga maisha ya mtoto: chini ya 1 ni kali, anatoka damu kwenye maungio hata bila kugongwa, kati ya 1 na 5 ni ya wastani, juu ya 5 hadi 40 ni hafifu, na hafifu inaweza kufichika mpaka mtu mzima ang'olewe jino. Hapa kwetu tohara ndiyo inayowafichua wengi. Na msiseme "kwenye ukoo wetu haipo": karibu theluthi moja ya hemofilia hutokea bila mtu yeyote wa familia kuwahi kuugua.

PT sawa, APTT sawa, na bado anatoka damu

Hili nalikazia kwa sababu linawaumiza zaidi wanawake. Vipimo hivyo viwili havioni chembe sahani, na mara nyingi havioni ugonjwa wa von Willebrand.

Chembe sahani zinahesabiwa kwenye picha kamili ya damu, ile FBP, na hazihitaji tyubu ya bluu ya PT na APTT bali ya zambarau. Kawaida ni 150 hadi 400, mashine nyingine hadi 450, kwa maelfu kwenye kila mikrolita. Wakazi wa Dar es Salaam waliopitia mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019 wanaijua namba hii kwa moyo. Ikija ndogo mno kwa mtu asiye na dalili yoyote, omba kwanza slaidi iangaliwe kwa darubini: kwa baadhi ya watu dawa iliyomo kwenye tyubu ya zambarau huzishikanisha chembe sahani, mashine ikahesabu fungu zima kama kitu kimoja. Na ujue kwamba idadi nzuri haithibitishi utendaji mzuri. Aspirini haipunguzi hata chembe moja, inazifanya tu zisishikane.

Ugonjwa wa von Willebrand ulielezwa mwaka 1926 na daktari wa Finland, Erik von Willebrand, kutoka kwenye familia moja ya visiwa vya Åland. Binti aliyeanzia uchunguzi huo, Hjördis, alifariki akiwa na miaka 13 kwa kutoka damu katika hedhi yake ya nne. Karne moja imepita, na bado mabinti wetu wanaambiwa hedhi nzito ni "ya ukoo", wanapewa vidonge vya madini ya chuma, wanarudishwa shuleni. Hedhi nzito ya ukoo ndiyo hasa sababu ya kupima. Protini yenye kasoro kwenye ugonjwa huu, ile inayozishikisha chembe sahani kwenye jeraha, na utendaji wake vinapimwa pamoja na fakta ya nane, kwenye maabara kubwa. Chagua siku: ujauzito, homa na hata hofu ya sindano huipandisha protini hiyo, kwa hiyo jibu zuri lililopatikana mwezi wa nane wa mimba halimtoi mtu hatiani. Kundi la damu nalo lina neno, kwani wenye O kwa kawaida wana kiwango cha chini kwa takriban robo.

Fakta ya kumi na tatu, ile inayofunga fundo la mwisho la bonge, nayo haionekani kwenye PT wala APTT. Kitovu cha kichanga kinachotoa damu siku nyingi, vipimo vyote viwili vikiwa safi, kinadai kipimo chake maalumu.

Tyubu ya bluu, au pale majibu yanapoharibika

Kila kilichosemwa hapo juu kuhusu PT na APTT kinaporomoka tyubu isipojaa. Kwenye tyubu ya kifuniko cha bluu kuna sitreti ya asilimia 3.2 inayoishika kalsiamu ili damu isigande njiani. Hesabu yake ni damu sehemu tisa kwa sitreti sehemu moja: mililita 2.7 za damu kwa 0.3. Nesi akikutana na mshipa mgumu akaridhika na nusu tyubu, sitreti inakuwa nyingi kuliko damu, inameza na ile kalsiamu ninayoongeza mimi, na APTT inarefuka kwa mtu mzima wa afya. Nimeona upasuaji ukiahirishwa kwa sababu hiyo, familia imeshachangisha nauli kutoka kijijini. Tulipotoa damu upya na kujaza hadi mstari, sekunde 51 zikawa 32.

Kwa hiyo mgonjwa, au wewe uliyemsindikiza, angalia kwa macho yako: damu imefika mstarini? Tyubu imepinduliwa taratibu mara tatu nne, si kutikiswa kama chupa ya dawa ya kikohozi? Damu haikuvutwa kutoka kwenye mkono wenye dripu ya heparini? Sampuli ya APTT inatakiwa kupimwa ndani ya saa nne. Ya PT huvumilia hadi saa ishirini na nne kwenye joto la chumba, na usiiweke friji ukidhani unaitunza, maana baridi huiamsha fakta ya saba. Ukisikia sampuli yako "itasubiri gari la kesho" kwa ajili ya APTT, uliza kama plazma itatenganishwa na kugandishwa kwanza. Kama sivyo, ni afadhali ukatolewe damu huko huko inakopimiwa.

INR: mshipani au kidoleni

INR ni PT ile ile iliyofanyiwa hesabu. Riajenti za viwanda mbalimbali hutofautiana ukali, kwa hiyo damu ya mtu mmoja ilisoma sekunde 18 hapa na 24 kule, na dozi ya warfarini ikabadilishwa bila sababu. Mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni: PT ya mgonjwa igawanywe kwa PT ya wastani ya watu wenye afya, kisha ipandishwe kipeo cha namba ya ukali wa riajenti hiyo. Mtu asiyetumia dawa yuko karibu na 1. Mwenye bonge mguuni au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio hulengwa 2 hadi 3, na aliyewekewa valvu ya moyo ya chuma upande wa mitrali mara nyingi 2.5 hadi 3.5.

Wengine wanasema warfarini imepitwa na wakati kwa kuwa kuna rivaroksabani na apiksabani zisizohitaji INR. Kwa wengi ni kweli, na kwa hao usihangaike kupima INR, haikwambii kitu cha maana kuhusu dawa hizo. Lakini Afrika Mashariki ina wagonjwa wengi ambao valvu zao ziliharibiwa na homa ya rumatiki ya utotoni, na utafiti wa INVICTUS uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kwa wenye ugonjwa huo pamoja na mapigo yasiyo na mpangilio, dawa za jamii ya warfarini zilifanya vizuri kuliko rivaroksabani. Wenye valvu za chuma nao wanabaki kwenye warfarini. Hawa ndio wanaotakiwa kuchagua kati ya kutolewa damu mshipani na kuchomwa kidole.

Kidole kina faida moja kubwa: muda. Tone moja linawekwa kwenye kijistripu ndani ya sekunde 15 baada ya kuchoma, na kwa kama dakika moja namba inatokea kwenye kimashine kama CoaguChek, mgonjwa angali kitini, dozi inarekebishwa pale pale. Kule Eldoret, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Moi, kuna kliniki ya dawa hizi inayoongozwa na wafamasia. Naipenda kazi ya aina hiyo, kwa sababu mgonjwa anayetoka mbali anaondoka akiwa na jibu mkononi badala ya kuambiwa arudi Jumatano. Ukikamua kidole kwa nguvu kulazimisha tone, unachanganya maji ya tishu na majibu yanaharibika. Mkono upashwe moto kwanza, uninginizwe chini.

Nachagua mshipa katika hali hizi: namba ya kidole imepita 4.5 hivi, ambapo stripu huanza kupoteza usahihi. Mgonjwa ana upungufu mkubwa wa damu, chini ya asilimia 25 ya ujazo wa chembe nyekundu. Au ana kingamwili za antifosfolipidi, kundi lile la lupus niliyoitaja, ambazo huichanganya stripu kabisa. Kwa wengine wote, kidole kinatosha, mradi matokeo yalinganishwe na ya maabara mara moja moja. Usipime leo mashine hii na kesho ile halafu ushangae tofauti ya 0.3.

Jambo linaloipeperusha INR kuliko mashine yoyote ni kinachoingia mdomoni. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana, na siku ukimaliza dozi za TB INR inapanda tena ukiwa umeshazoea warfarini nyingi. Flagyl, Septrin na flukonazoli huipandisha. Ukiandikiwa mojawapo, sema pale pale kwamba unatumia warfarini na urudi kupimwa ndani ya siku tatu hadi tano. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K nyingi, lakini wanaokatazwa mboga hizo wanaonewa. Kula, ila kula kwa kiasi kile kile wiki hadi wiki. Na dozi ikibadilishwa leo, usikimbilie kupima kesho. Fakta ya pili inachukua siku mbili tatu kupungua hadi nusu, kwa hiyo namba ya kesho haijaona bado.

D-dimer au ultrasaundi

Tangu Uviko, watu wanakuja wenyewe: "Nipimie D-dimer, nasikia damu yangu nzito." D-dimer haipimi uzito wa damu. Inapima vipande vya bonge lililokwisha kusagwa, na bonge si lazima liwe la mguuni. Nimonia, kansa, upasuaji wa wiki iliyopita, ujauzito, hata umri tu huipandisha.

Nguvu yake iko kwenye jibu la hapana. Daktari akikukagua akaona uwezekano wa bonge ni mdogo, na D-dimer ikawa chini ya 500, bonge limekataliwa na huna haja ya ultrasaundi. Aliyepita miaka 50 kiwango chake ni umri mara 10, kwa hiyo bibi wa miaka 70 ana nafasi hadi 700. Angalia vizuri kipimio kwenye karatasi: maabara nyingine zinatumia kipimio ambacho 500 ya huku ni kama 250 ya kule. Nimewahi kuletewa karatasi mbili za mgonjwa mmoja, familia ikishangilia kwamba imeshuka nusu, kumbe ni maabara tofauti.

Mguu mmoja umevimba, unauma kwenye nyama ya nyuma, mtu alilala kitandani wiki mbili au anatibiwa kansa? Ruka D-dimer. Nenda ultrasaundi moja kwa moja, mshipa ubanwe kwa kifaa: usiobonyea una bonge ndani. Mjamzito naye, ultrasaundi.

Vipimo vya kurithi vya damu kuganda sana, yaani protini C, protini S na antithrombini, visubiri. Ukivipima wakati bonge ni bichi vinasoma chini kwa sababu vinatumika. Protini C na S husoma chini pia ukiwa kwenye warfarini, na protini S hushuka kwenye ujauzito. Factor V Leiden, kasoro ya kurithi inayofanya damu igande kupita kiasi, iliyogunduliwa mwaka 1994, ni nadra sana kwa watu wenye asili ya Kiafrika. Sioni sababu ya kuilipia kwa wengi wetu.

Pale mashine inapokosekana

Saa tisa usiku, wodi ya wazazi, mama anavuja baada ya kujifungua na maabara imefungwa. Mwongozo wa WHO unasema: mililita 2 za damu kwenye tyubu kavu, safi, ya kioo. Ishike ndani ya ngumi ipate joto la mwili. Baada ya dakika nne inamishe taratibu, kisha kila dakika, hadi uweze kuipindua bila damu kumwagika. Dakika saba zikipita bila bonge, au bonge likiwa laini linalovunjika, damu yake haigandi na anahitaji kuongezewa sasa hivi. Nimemwona mkunga akisimama na ngumi imefumba, macho kwenye saa ya ukutani, mkono wa pili ukisukuma tumbo la mama. Huo ni upimaji halali kama wangu.

Kwa mama huyo, hata maabara ikifunguka, PT na APTT zinaweza kubaki nzuri huku hali inaharibika. Fibrinojeni ndiyo hutangulia kushuka. Na hapa karatasi inaweza kumuua mtu: kawaida iliyochapwa ni gramu 2 hadi 4 kwa lita, lakini mjamzito wa miezi tisa huwa na 4 hadi 6. Mzazi anayevuja mwenye 2 anaandikiwa "kawaida" wakati yuko kwenye hatari kubwa.

Kwa aliyeng'atwa na nyoka, tyubu ni ile ile ya kioo lakini dakika ni 20, na iachwe pale mezani bila kuguswa, kisha ipinduliwe mara moja. Isiwe ya plastiki wala iliyooshwa kwa sabuni, kwa sababu kioo safi ndicho kinachoamsha kuganda. Pima pembeni damu ya mtu mzima wa afya uhakikishe tyubu zako ni nzuri. Ng'ato la boomslang, nyoka wa mitini, linapumbaza: jeraha dogo, mgonjwa anazungumza, damu inaanza kutoka fizini saa nyingi baadaye. Karl Schmidt, bingwa wa nyoka wa Chicago, aling'atwa naye mwaka 1957 na kufariki kesho yake. Tyubu moja nzuri mchana haimruhusu mtu kwenda nyumbani, irudiwe. Sumu yake ina dawa yake peke yake, inayotengenezwa Afrika Kusini.

Yule mama wa khanga alirudi mwaka jana, mimba ya miezi saba. Mwanawe wa kwanza sasa anachomwa fakta kliniki na anacheza mpira, ingawa goti la kulia halinyooki vizuri. Aliuliza kipimo gani afanyiwe huyu anayekuja. Nikamwandikia kwenye karatasi awape wakunga: akiwa wa kiume, damu ya kitovu, tyubu ya bluu ijazwe hadi mstarini, fakta ya nane ipimwe siku hiyo hiyo, vitamini K asikose, ila kwa sindano nyembamba na pabanwe dakika tano, asitahiriwe kabla ya jibu. Ingekuwa hemofilia B ningemwambia jibu la chini kidogo lisiaminiwe mpaka mtoto afike miezi sita, kwa sababu fakta ya tisa ya vichanga wote huwa chini. Fakta ya nane haisubiri. Akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la khanga.